Moonraker, True Lies au Die Another Day: ipi ina chai tamu zaidi?

MzeeWaKanda:
Wakuu, heshima kwenu. Picha za majasusi za watu kunong'ona ofisini saa mbili nzima nimewaachia wenye subira. Nataka ile ambayo steringi anasukumwa nje ya ndege bila parachuti na nywele hazivurugiki. Zimebaki tatu: mbili za James Bond, Moonraker (1979) na Die Another Day (2002), na True Lies (1994) ya Arnold Schwarzenegger. Najua zote ni upuuzi, na mgeni akiingia ghafla nahamia taarifa ya habari. Sasa ipi ni upuuzi wenye ladha? Nipeni sababu, "ni kali" peke yake haitoshi.

BintiMikindani:
Moonraker, wala usihangaike. Jaws, lile jitu la meno ya chuma, anang'ata waya wa kigari cha angani kule Rio de Janeiro mpaka unakatika. Baadaye kigari chake kinavamia jengo, kifusi chote kinamshukia, yeye anainuka mzima. Hapohapo anatokea binti mwenye miwani na nywele za mikia miwili. Wanatazamana, muziki unapanda, tayari wamependana! Na adui mwenyewe, Drax, haibi benki huyo. Anataka kuua binadamu wote kwa sumu ya ua la okidi, wanyama wabaki, halafu yeye ashuke kutoka angani na vijana wake aliowachagua. Wanajeshi wa Marekani wanamfuata hukohuko na bunduki za mwanga. Kumbuka vile vyombo vya anga vya Marekani havikwenda angani kwa kweli mpaka Aprili 1981. Bond alishatangulia.

Kijana_wa_Igoma:
Shikamoo wakubwa. Naona Die Another Day inaonewa. Gari lisiloonekana! Jumba la barafu! Kanali wa Korea Kaskazini anabadilishwa vinasaba anatoka tajiri wa Kiingereza! Kuna chai gani imebaki hapo?

FundiRedio:
Marahaba kijana. Chai ipo, ila imepoa. Pale Bond anapoteleza juu ya wimbi kubwa kwa parachuti, kompyuta inaonekana waziwazi. Mtu hayupo pale. Sasa rudi kwenye mwanzo wa Moonraker, ule ugomvi wa kunyang'anyana parachuti hewani. Wale ni watu kweli, waliruka zaidi ya mara 80 ili kupata vipande vya dakika chache. Uongo ni wa hadithi, ila mwili unaoanguka ni wa mtu na tumbo lako linajua. Kwangu hicho ndicho kipimo: nidanganye utakavyo, lakini kuna mtu ajitose.

Kijana_wa_Igoma:
Sawa, tuchukue kipimo chako. Ile mbio ya Aston Martin na Jaguar juu ya ziwa ni barafu halisi ya Iceland. Walizuia maji ya bahari yasiingie kwenye lile ziwa ili ligande, ndipo wakapitisha magari. Unasemaje?

FundiRedio:
Hapo umenishika. Dakika zile nazikubali. Wimbi silikubali.

Mshairi_wa_Muscat:
Mbona True Lies mnaipita kama msiba wa jirani? Arnold anamkimbiza gaidi mwenye pikipiki huku yeye kapanda farasi wa polisi, ndani ya hoteli, wanaingia hadi kwenye lifti na wageni wamo. Juu ya paa pikipiki inaruka mpaka bwawani jengo la pili, farasi anafika ukingoni anagoma. Farasi ndiye mwenye akili kwenye picha nzima. Na mkewe anajua mumewe anauza kompyuta tu!
Ila mimi kuicheka kwangu kuna doa. Magaidi wote Waarabu, wote mapunguani, na Waarabu wa Marekani waliandamana kuipinga ilipotoka. Naiangalia, nacheka, na hiyo sehemu inanikera kila mara. Za Bond adui ana kichaa chake binafsi, hasingiziwi kabila zima. Au tuseme mara nyingi.

BintiMikindani:
@Mshairi umenena. Na Drax anavyotoa amri za kuua kwa upole kama anaagiza maandazi! Moonraker iliingiza pesa kuliko Bond zote zilizotangulia, na rekodi ikasimama mpaka GoldenEye ya 1995. Wanaojifanya wanaidharau waliinunulia tiketi.

MzeeWaKanda:
Basi ni Moonraker. Die Another Day nitaanzia ziwani. Kuna mwenye Moonraker yenye sauti ya mkalimani?

FundiRedio:
Kibandani kwetu mkalimani alimpa Jaws jina la Meno Bati, na akamtungia maneno kuanzia mwanzo. Jaws mwenyewe anasema sentensi moja tu, mwishoni. Ilipofika, mkalimani akaipita.

MzeeWaKanda:
Hiyohiyo ndiyo naitaka.