Kijana ana disleksia, Kiingereza cha shule kinamtoa jasho

Kutoka: Mama wa Nürnberg

Hamjambo ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Kijana wangu ana miaka 14, yuko darasa la nane Realschule, shule ya sekondari ya kati hapa Ujerumani. Alipimwa tangu darasa la tatu, wakasema ana Legasthenie, yaani disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika tahajia. Kijerumani tulihangaika nacho mpaka kikatulia kiasi. Sasa ni Kiingereza. Jumatatu karudi na jaribio la msamiati: maneno 20, kapata manne. Nikamwuliza yaleyale kwa mdomo jikoni, akanijibu karibu yote! "Because" ameandika "bikoz". Sikujua nicheke au nilie, maana mimi nilipoanza ningeandika vilevile.

Kilichoniuma zaidi ni mwalimu mmoja kunishauri tuache Kiswahili nyumbani, eti lugha tatu zinamchanganya. Mbona Kiswahili ndicho anachosoma bila kukwama sana? Bibi yake wa Tanga anamtumia ujumbe mrefu kama barua ya zamani, naye anausoma taratibu mpaka mwisho, na kujibu anajibu.

Kuna aliyepitia haya?

Kutoka: Mwalimu msaidizi, Leeds

Pole dada. La kwanza kabisa, Kiswahili usikiache. Huyo mwalimu huenda ana nia njema, lakini disleksia haisababishwi na wingi wa lugha.

Na ulichokiona kwenye ujumbe wa bibi kina sababu. Kwetu ukishaijua ba be bi bo bu, neno lolote unalipasua. Kiingereza hakina huruma hiyo: tazama "though", "through" na "cough", herufi "ough" ni zilezile, sauti tatu mbalimbali. Mwaka 1999 watafiti Wydell na Butterworth waliandika habari za kijana wa miaka 16 aliyekulia Japani, wazazi wake wanazungumza Kiingereza. Kusoma Kiingereza kulimshinda, lakini Kijapani alikisoma kama wanafunzi wa chuo kikuu. Kwa hiyo mwanao anaposoma Kiswahili vizuri na Kiingereza kikamkataa, usimwone mvivu.

Tukija kwenye kazi yenyewe. Maneno 20 kwa usiku mmoja ni kumwonea, mpe matano. Na yawe ya ukoo mmoja: light, night, right, fight. Asikie kwanza, atamke, kisha aandike huku anatamka, kalamu na mdomo viende pamoja. Kesho yake rudieni hayo matano kabla ya kuongeza mengine. Si mbinu mpya; Samuel Orton na Anna Gillingham waliijengea msingi Marekani tangu miaka ya 1930, jicho, sikio, mdomo na mkono vyote vifanye kazi kwa pamoja. Vitabu vya darasani mtafutie vya kusikiliza, afuatishe kwa kidole akitaka.

Kitu kingine: mwombe mwalimu asimwinue ghafla kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Aya ya kusomwa aipate jana yake. Nimeona vijana wakijifanya wanaumwa tumbo kila siku yenye somo la lugha kwa sababu hiyo tu.

Kutoka: Baba wa wawili, München

Mwalimu kamaliza upande wa kufundisha, mimi nisemee makaratasi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza haki. Kipimo cha darasa la tatu peke yake hakitoshi. Jimbo letu hili la Bavaria unahitaji maelezo ya mwanasaikolojia wa shule, kisha mzazi unaomba kwa maandishi.

Kuna vitu viwili, usivichanganye. Nachteilsausgleich ni nafuu ya mazingira ya mtihani: anaongezewa muda, kwa kawaida hadi robo, mara chache hadi nusu. Notenschutz ni kwamba makosa ya tahajia hayahesabiwi kwenye alama, na katika lugha za kigeni mazungumzo yanaweza kupewa uzito zaidi. Kwa mtoto anayejibu yote jikoni, hiyo ndiyo dawa. Ila Notenschutz inaandikwa kwenye cheti. Kesi ya watu watatu waliomaliza Abitur, mtihani wa mwisho wa sekondari wa kuingilia chuo kikuu, hapa Bavaria ilifika hadi Mahakama ya Katiba, na Novemba 2023 majaji wakasema maandishi hayo kwenye cheti kimsingi yanaruhusiwa. Kaeni na kijana mwamue, ameshakuwa mkubwa. Walio majimbo mengine ulizeni kwenu, kila jimbo lina kanuni zake.

Kutoka: Mama wa Nürnberg

Asanteni sana, nimechelewa kurudi, wiki tatu hizi zimenikimbia.

Nilianza kwa kuharibu. Nilimwaga mchele kwenye sinia nikamwambia achore maneno kwa kidole, nimeona mahali wanafanya hivyo. Akanitazama. "Mama, mimi si wa chekechea." Basi mchele ukawa pilau. Sasa anaandika kwa kalamu ya ubao kwenye mlango wa friji, maneno matano, anayatamka kwa nguvu mpaka jirani wa chini anatujua.

Nimegundua kitu ambacho mimi sikuwahi kukiwaza. "Who" na "where" alikuwa anazibadilisha kila siku. Mwenyewe ndiye aliyenieleza: "where" inamjia kama "wer" ya Kijerumani, ambayo ni "nani", na "who" inamjia kama "wo", ambayo ni "wapi". Masikini, kumbe alikuwa na sababu zake! Tumeziandika kwa rangi mbili, na pembeni kaweka Kiswahili: nani, wapi. Hazijamponyoka tangu hapo.

Jaribio la juzi kapata 11. Mwanasaikolojia wa shule kanipa miadi ya tarehe 14. Baba wa München, hiyo barua ya maombi naiandika mwenyewe au shule wana fomu?

Kutoka: Baba wa wawili, München

Uliza ofisini kwanza, wengine wana fomu yao. Wasipokuwa nayo nipigie jioni, tuiandike pamoja. Na hongera kwa hizo 11.