Kroton za mama zinapukutika, na nyuma ya nyumba nyasi hazishiki

BintiLikoni
Hamjambo wanajukwaa. Aprili nilikuja Donholm, Nairobi, na vipandikizi vitatu vya kroton kutoka ua wa mama, Likoni, Mombasa. Vilishika vizuri. Tangu Juni majani yanadondoka. Leo asubuhi nimeokota kumi na moja, bado yana rangi zake nyekundu na manjano. Viko nyuma ya nyumba, ghorofa ya jirani imetuziba upande wa kaskazini. Nyasi za Kikuyu nilizouziwa kando ya barabara nazo zimegeuka manjano. Namwagilia kila jioni. Nisaidieni, mama ameshahama pale, siwezi kupata vingine.

Shamba la Kangemi
Pole sana dada. Kwanza acha hayo maji ya jioni. Huko kwenu udongo ni ule mweusi unaonata, unashika maji siku nyingi, na kwa baridi hii mizizi itaoza. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani kibichi, mti uko hai. Pakiwa kahawia, shuka chini ukwaruze tena, usikate tamaa kwa tawi la juu.

Mpanda Maua
Kroton ni mti wa joto. Usiku wa Julai hapa hushuka digrii 12 au chini zaidi, Mombasa ni karibu 20. Halafu angalia jua: Juni na Julai saa sita linapita kaskazini yetu, kwa hiyo ghorofa hiyo inakunyima jua miezi ile ile ya baridi. Desemba litakuwa kusini na uwanja huo utapata mwanga. Je, kuna mahali penye jua sasa?

BintiLikoni
Nimekwaruza. Viwili ni kijani, cha tatu kijani karibu na ardhi tu. Langoni kuna jua la asubuhi hadi saa sita.

Mpanda Maua
Basi ving'oe na donge lake la udongo, vitie kwenye ndoo zilizotobolewa chini, uviegemeze ukuta wa lango. Kile cha tatu kata juu ya pale penye kijani. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Ardhini virudi mvua za Oktoba zikianza, kwenye tuta lililoinuliwa, lenye samadi iliyooza.

Mama Ua
Nyasi za Kikuyu zinataka jua, hapo hazitakaa. Penye nusu kivuli weka nyasi za Pemba, yale majani mapana. Kivuli kikiwa kizito mimi nimeacha nyasi kabisa: nina ule mmea wenye majani membamba na mstari mweupe katikati, unaoning'iniza vitoto kwenye nyuzi. Kila kitoto nakichomeka hatua moja kutoka kingine. Ninavyo vingi, njoo uchukue.

BintiLikoni
Asante sana, mama. Ndoo mbili nimeshatoboa, ya tatu naitafuta.