Tupeane uzoefu: ofisi ambayo hakuna anayemwamini mwenzake, mlitokaje huko?

Mchuuzi wa Maneno: Wakuu, habari za jioni. Nimehamia ofisi mpya, hii wiki ya pili. Leo nimeenda kujitengenezea chai nikakuta kopo la sukari limechorwa mstari kwa maka peni, na pembeni tarehe. Nikauliza. Dada wa mapokezi akanijibu bila hata kucheka: "Mhasibu huyo, anapima kila jioni." Watu kumi na mmoja, kopo moja. Chai ikanishinda. Mliowahi kukaa sehemu ya namna hii, ilibadilika au mlihama?

Kidole Juu: Hama.

Mwalimu Chaki: Kwetu ni kitabu cha mahudhurio. Ikigonga saa moja na nusu mkuu wa shule anapiga mstari mwekundu, ukisaini chini yake wewe mhalifu. Tulichojifunza ni kusainiana tu. Alipokuja mkuu mwingine akaachana na mstari. Akawa anawahi yeye, anasimama getini anatusalimia kwa majina na kuulizia wagonjwa wetu. Watu wakaanza kuwahi kwa aibu.

Kidole Juu: Alikuwa anawavizia huyo, nyie mkadhani salamu 😂

Mwalimu Chaki: Mwanangu alikuwa amelazwa wiki mbili, na aliyekuja wodini ni yeye. Endelea kucheka.

Dada wa Pampu: Huo mstari umenirudisha mbali. Niliwahi kuuza mafuta sheli moja, jina naliacha. Kwa wasiojua: ukiingia zamu unasoma mita ya pampu, ukitoka unasoma tena, tofauti ndiyo lita ulizouza. Zidisha kwa bei, hesabu hela. Ikipungua ni shoti, unalipa wewe. Ikizidi inaitwa zidi, na zidi ilikuwa kesi kubwa kuliko shoti, maana msimamizi alikuwa anasema ukiwa na zidi basi umempunja mteja. Kwa hiyo mtu akiwa nayo anaitia mfukoni, kimya.

Siku hiyo nafunga zamu saa nne usiku, shoti 180,000. Mshahara wangu 240,000. Nikahesabu mara tatu mpaka noti zikalowa jasho. Msimamizi akaniamuru nivue viatu na soksi palepale kati ya pampu, gari mbili zinasubiri mafuta, bodaboda mmoja kanyanyua simu, sijui alikuwa anarekodi. Nikavua. Wenzangu wakageukia ukutani, hakuna aliyefungua mdomo. Soksi nimeshasamehe. Ile migongo yao bado naiota.

Nikakatwa 90,000 miezi miwili. Kuanzia hapo kila mtu na kipochi chake cha chenji, ukienda chooni unaenda nacho.

Yule msimamizi akahamishwa, akaja mama mmoja mtu mzima. Wiki ya kwanza tu akakosea kuandika kipimo cha tenki. Akatuita wote: "Nimekosea mimi, lita 200. Mwenye sheli nimeshampigia simu." Tukabaki tunatazamana. Halafu akaleta utaratibu: anayetoka na anayeingia wanasoma mita pamoja, wote wawili wanasaini. Zidi inaandikwa daftarini, haiulizwi swali. Haukupita mwezi, kijana aliyekuwa ananiachia zamu akanifuata nyuma ya stoo ya oili, anatetemeka. Kumbe siku ile kwenye kufunga aliandika 48,217 badala ya 48,277. Lita zake 60 zikaangukia kwangu, bei elfu tatu. Shoti yangu yote ilikuwa zidi mfukoni mwake, na aliposikia nimevuliwa viatu ndiyo akaogopa kabisa kusema.

Fundi Spana: Alirudisha???

Binti Kapu: Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimepitilizwa kituo.

Fundi Spana: Dada usituache hapo, alirudisha?

Hakimu wa Kijiweni: Kabla ya hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kukatwa kwa ajili ya hasara, lakini kwanza mwajiri akuandikie sababu, kiasi na alivyokipiga hesabu, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 240,000 ni 60,000. Walikuibia mchana kweupe. Na wanaofukuzwa kihuni, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) mnapeleka ndani ya siku 30, msikae nyumbani mnalia.

Kidole Juu: Hakimu, muuza mafuta wa laki mbili na nusu akamshitaki mwenye sheli? Unaishi wapi?

Hakimu wa Kijiweni: Kwa akili hizo ndiyo maana mnavuliwa viatu.

Binti Kapu: Jamani mwacheni dada amalize!

Dada wa Pampu: Alirudisha kidogo kidogo. Bado namdai elfu ishirini. Harusini kwake nilikuwa kamati ya chakula.

Ngosha Mpole: Mimi ndiye huyo kijana wa zamu ya asubuhi, njoo PM (ujumbe wa faragha) nikumalizie deni.

Mzee Kikaango: Vijana, ushauri wa bure: kazini mwisho wako uwe "habari za asubuhi". Siri ya nyumbani usiitoe. Nimestaafu salama.

Binti Kapu: Sisi ilisaidia kula pamoja. Ijumaa mihogo na kachumbari, kila mtu buku.

Fundi Spana: Bosi wetu naye alisikia hayo ya kula pamoja, akaanza kuja kwa mama ntilie wetu. Tumehama mama ntilie.

Mchuuzi wa Maneno: Nimewasoma wote. Ya Dada wa Pampu sikulala nayo. Asubuhi nimepitia dukani nikachukua kilo ya sukari kwa hela yangu, nikamimina koponi mpaka mstari ukazama. Sijamwambia mtu.

Dada wa Pampu: Mkuu, hiyo ni zidi. Andaa barua ya kujieleza.