Natoka Mbeya kwenda Kenya na IST, tozo za barabara zikoje huko?

Mtu wa Uyole
Habarini za jioni wakuu. Shemeji yangu, mdogo wake wife, anaolewa mwezi wa kumi na mbili huko Kenya, harusi ipo Kikuyu, na kikao cha familia kimekaa bila mimi kikaamua tutaenda na IST yangu, yaani mimi, wife, mtoto na mama mkwe. Gari nimeshaifanyia sevisi na tairi mbili mpya nimeweka, hapo sina wasiwasi sana. Wasiwasi wangu ni tozo za barabara. Kuna jamaa kazini ananiambia Kenya siku hizi kila ukisogea kuna geti la kulipia, mwingine anasema niandae laki mbili ya mageti tu mbali na mafuta. Sasa laki mbili si ndo mchango wangu wa harusi huo jamani.

Halafu kuna kitu kinanisumbua. Mwaka juzi nilimsindikiza baba mdogo kufuata mzigo nje, pale mpakani (sitaji upi) akatufuata jamaa kavaa rifleksa na kitabu cha risiti mkononi, lipeni ushuru wa barabara elfu thelathini, tukalipa, kumbe risiti yenyewe ni ile ya kununua dukani, huko mbele hakuna aliyeiulizia mpaka leo ninayo kwenye gari. Sitaki yajirudie mbele ya mama mkwe.

Naomba kuelimishwa, kuanzia Uyole mpaka Kikuyu ni wapi hasa nalipia barabara, nalipaje, na kama M-Pesa ya huku inatosha au nibebe keshi. Ndaga fijo.

Kichwa cha Tela
Mkuu ondoa shaka. Mi nipo kwenye semi mwaka wa kumi na tano huu, sasa hivi Dar Tunduma Lusaka, zamani nilipiga sana Rusumo. Tuanze na kwetu. Kutoka hapo Uyole unapita Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, unashuka Nyang'oro, Mtera, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha mpaka Namanga, hakuna geti hata moja la kulipia barabara. Utaona mizani, achana nayo, ile ni ya magari ya kuanzia tani tatu na nusu, IST hata ukipakia mama mkwe wawili haifiki.

Ila usidhani unapita bure. Umelipia kwenye pampu. Kila lita ina tozo ya barabara ndani yake inayoenda Mfuko wa Barabara. Na wazee wenzangu mnakumbuka ile rodi laisensi ya kila mwaka na stika yake kwenye kioo, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 wakaongeza shilingi 40 kwa lita, petroli, dizeli mpaka mafuta ya taa, kwa hiyo hata bibi yangu kule Tukuyu na koroboi yake alianza kulipia magari 😂

Zile tozo za kuhesabu kilometa kwa dola ni za malori ya nje yanayopita na mzigo, wewe hazikuhusu. Na hizo ndo zimeshaleta ugomvi mkubwa. 2013 sisi tulipandisha kwa malori ya Rwanda mpaka dola 500, Rwanda nao wakajibu mapigo, lori la Tanzania likatoka dola 76 mpaka 152, sisi madereva tumekaa Rusumo tunapigiana simu na mabosi nani anaongeza hela, baadaye wakubwa wakakaa ikarudi 152. Kwa hiyo huyo jamaa yako wa laki mbili labda kasikia habari za malori akakuletea kwenye IST.

Ungekuwa unaenda Zambia hapo ningekuambia beba kwacha kabisa maana kule mageti unakutana nayo barabarani mpaka Lusaka. Kenya haipo hivyo, tusubiri wanaoijua Nairobi waje.

Na huyo mwenye rifleksa, upande wa kwetu ukidaiwa hela yoyote ya serikali omba kontroli namba, ile namba ya kulipia serikalini. Akianza kukuzungusha ujue huyo anatafuta chai.

Bwana Mtera
Tela unadanganya watu, mageti yetu yapo bana, yamevaa nyeupe na yameshika tochi 🤣 Mi mwaka huu nimelipa faini ya trafiki 30,000 mara mbili siku moja, ya kwanza Igurusi ya pili nakaribia Mafinga, na kibao cha 50 nilikiona vizuri tu, haraka zangu. Uyole hiyo hela ya mageti iweke hapo.

Mama Parachichi
Kaka yangu wa Uyole, pole na safari ya mama mkwe hahaha. Mi napeleka parachichi, Nairobi naenda na wateja wangu mara kwa mara kwa hiyo nikueleze ninachokiona.

Nairobi barabara ya kulipia ni moja, ile ya juu inaitwa Nairobi Expressway, kilometa 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands. Ilianza kupitisha magari Mei 2022. Wameijenga Wachina na wao ndo wanakusanya, mkataba wao ni miaka 27. Wewe ukitoka Namanga unapita Kajiado, Isinya, Kitengela, unaingia Mombasa Road pale Athi River, ukisogea kidogo ndo Mlolongo, hapo unaona vibao vya kupanda juu. Sasa sikia, HAULAZIMISHWI kupanda. Barabara ya chini ipo palepale na ni bure, ndo wanayopita matatu na wengine wote wasiotaka kulipa. Unacholipia ni kukwepa foleni.

Ukipanda inakuwa hivi. Kuna njia za wenye kifaa kwenye kioo, wale kigingi kinajifungua chenyewe wanapita, hizo usiingie maana utakwama na nyuma yako watakupigia honi mpaka ujute kuzaliwa, mi dereva wetu aliingia mara ya kwanza tukaanza kurudishwa nyuma kwa aibu. Ingia njia ya wanaolipa keshi, unapewa kadi, unaenda, sehemu utakayoshuka ndo unairudisha na kulipa kulingana na umbali. Gari dogo kutoka Mlolongo mpaka mwisho Westlands mwanzoni ilikuwa 360 ya kwao, Januari 2024 ikapanda mpaka 500, na kipande kifupi kabisa 170. Hiyo 500 kwa ya kwetu ni kama elfu kumi hivi, chenji inacheza. Hiyo laki mbili mpelekee bibi harusi.

M-Pesa ya huku usiitegemee, badilisha hela Namanga upate shilingi za Kenya na uombe ndogondogo. Kadi usipoteze!!

Makambako Baridi
Mama Parachichi kaeleza vizuri ila mnamfanya jamaa apitie mjini bila sababu. Harusi si ipo Kikuyu? Mi nimekaa Nairobi miaka minne, kazi ilikuwa Lang'ata. Kuna Southern Bypass, inaanzia Mombasa Road pale karibu na Ole Sereni inazunguka pembeni ya mbuga ya wanyama, inapita Lang'ata, inakata msitu wa Ngong Road inakuja kutokea hukohuko Kikuyu. Haina geti wala kadi. Ukipanda juu mpaka Westlands utashukia Waiyaki Way uanze tena kuitafuta Kikuyu, unafika ndio lakini umelipa mia tano kwenda kuangalia maghorofa.

Shida ni moja tu, kutoka Mlolongo mpaka hapo Southern Bypass inapoanzia ndo kuna foleni mbaya, hasa jioni. Kwa hiyo kama umefika Mlolongo saa kumi na moja jioni na mtoto analia panda juu, shukia kituo cha Southern Bypass, unalipia kipande hicho tu, halafu unaendelea na bypass bure. Kama ni saa tano asubuhi pita chini. Na bypass ipite mchana, usiku usijifanye mwenyeji, ukisikia tairi imepata pancha tafuta sehemu yenye watu kwanza.

Juu huko spidi mwisho 80, bodaboda na bajaji hawapandi.

Msafwa Mtaratibu
Mi naona hii kitu ni wizi tu, barabara ujengewe na serikali halafu ulipie tena getini na kwenye mafuta umeshalipa. Siku wakileta huku nitapita Chunya.

Kichwa cha Tela
Msafwa we huyo wa Chunya si ndo unalalamika kila siku foleni ya Mwanjelwa? Tangu waanze kuchimba hii njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi, kilometa 29 tu, kuna siku natoka Uyole mpaka Mbalizi nimemaliza maongezi yote na tanboi tumebaki tunaangaliana. Siku hiyo angetokea mtu na geti lake akaniambia toa buku tano nikupitishe ningetoa na ya soda.

Ila kwenye kulipa mara mbili upo sahihi. Kenya nao wana makato kwenye mafuta, Julai 2024 yalitoka 18 mpaka 25 ya kwao kwa kila lita. Uyole akijaza lita thelathini pale Kitengela ameshachangia barabara za Kenya 750, kuliko hata hiyo ya geti. Tofauti geti unaliona, ya pampu huioni ndo maana hulalamiki. Na hata kwetu geti lipo, daraja la Kigamboni tangu 2016 watu wanalipia, kelele zikapigwa mpaka 2022 wakapunguza bei. Hiyo Kibaha Chalinze Morogoro wanayosema itakuwa ya kulipia ikija mi sina neno, ilimradi ya zamani ibaki kama Nairobi walivyobakiza ya chini. Wakiifunga ya zamani ndo tutaongea vizuri.

Dada Sae
Samahani nadandia, na Uganda je? Tuna mkutano wa kanisa Kampala mwakani.

Makambako Baridi
Dada Sae, Uganda ni ile Kampala–Entebbe, walianza kutoza Januari 2022, gari dogo 5,000 ya kwao. Nayo barabara ya zamani ya Entebbe ipo bure. Coaster inalipa zaidi, ulizeni kabla hamjachangishana.

Mtu wa Uyole
Nyie watu mbarikiwe sana. Nimemsomea wife yote isipokuwa ile ya mama mkwe wawili. Makaratasi je, nibebe nini?

Mama Parachichi
Kadi ya gari orijino, leseni, pasipoti ya kila mtu na mtoto pia, bima ya Comesa (nenda kwa wakala wako wa bima hapo mjini, usisubiri mpakani), na pale Namanga unaombea gari kibali cha muda, kina tarehe ya mwisho usiipitishe. Kama gari haina jina lako beba barua ya mwenye nayo. Na kadi ya njano ya chanjo mbebe wote. Comesa nayo wanaiita kadi ya njano, usije ukaonyesha moja ukadhani umemaliza.

Bwana Mtera
Kadi mbili za njano si anatolewa nje huyo 😂😂

Mtu wa Uyole
Wakuu tumerudi juzi salama, nilisema nitaleta mrejesho. Kwenda tulilala Dodoma, kesho yake tukatoka saa kumi alfajiri, Namanga tumekaa karibu masaa mawili lakini ni foleni tu, makaratasi yalikuwa kamili. Alikuja jamaa na rifleksa vilevile, anasema mzee kuna ya barabara hapa, nikamwambia sawa nipe kontroli namba, akaniangalia, akaangalia namba ya gari, akaondoka kwenda kwa Noah ya nyuma.

Mlolongo tumefika inaelekea saa kumi na mbili, chini magari hayasogei kabisa, nikapanda kama Makambako alivyosema. Kadi nikampa mama mkwe ashike kwa sababu wife alikuwa na mtoto. Kumbe yeye kaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela zake na kitambulisho, tumefika kituo cha kushukia yule binti dirishani anasema kadi, mama mkwe ndo anaanza kufungua fundo, fundo lenyewe kalifunga la safari ya Nairobi, nyuma honi, mimi jasho. Binti alikuwa mpole, anacheka tu, anasema taratibu mama. Nikatoa noti ya elfu moja nikarudishiwa chenji na risiti ya mashine, tukaingia bypass tukafika Kikuyu usiku umeingia ndio lakini magari yalikuwa mengi njiani.

Kurudi nilipita chini asubuhi, foleni ilikuwepo ila ya kuvumilika. Kwa hiyo mageti yote Kenya sikufikisha hata elfu kumi ya kwetu. Kondoa ndo nimeacha 30,000, Bwana Mtera usicheke.

Mama mkwe kanuna kutoka Mlolongo mpaka Kajiado kwa sababu ya kupita chini. Anasema mtoto akizaliwa huko tukienda kumuona, hela ya geti atatoa mwenyewe.