Tupeane uzoefu: Mzungu akikubali jambo, unajuaje kama amekubali kweli?

Abiria wa Unguja (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepanda boti kutoka Dar kuja Unguja, nimeona jambo likanikumbusha mengi. Mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, begi mkononi, alimuuliza kijana aliyekaa jirani yangu: "Do you mind if I sit here?" Kijana kwa ukarimu wote akajibu "Yes", na tabasamu juu. Mama akaomba radhi, akaenda kusimama pembeni. Kijana akabaki anashangaa, ikabidi nimfuate yule mama nimwambie karibu ukae. Swali lile linauliza kama utakereka. Ukisema "Yes" umemfukuza. Ukitaka akae unasema "No, not at all".

Shuleni tulikaririshwa "Yes, that is a good idea" tukaona yameisha. Mlioko mahotelini, mlimani, maofisini na ughaibuni, tupeni yenu.

Simu Nairobi
Kwetu kwenye kituo cha simu ni "I'm good". Unampendekezea Mmarekani huduma, anajibu "I'm good". Kuna dada alianza kazi akawa anawaandikisha wote. Malalamiko yaliyomrudia, Mungu anajua. Pale mteja amesema asante, sihitaji.

Mpishi Nungwi
Hiyo hiyo! Unasogeza sinia la samaki, anasema "I'm good" huku amefunika sahani kwa mkono. Mkono ndio ulionifundisha.

Dereva wa Karatu
"We could do." Naichukia mpaka kesho. Geti la Ngorongoro hufunguliwa saa 12 asubuhi, na anayetaka kuwaona simba kabla jua halijapanda lazima awahi. Nikawaambia wageni tutoke saa 11 na nusu, wakajibu "We could do". Nimeamka, gari limepashwa moto, vyakula vimefungwa, wao wamelala. Kumbe walikuwa wanasema inawezekana, si kwamba tumekubaliana.

Mgumu wa Machame
Ngojeni niwape la Kilimanjaro, maana hili halijanitoka hadi leo.

Nilianza na upagazi, baadaye nikawa msaidizi wa muongozaji. Ilikuwa usiku wa kilele. Wenzangu mnaijua kambi ya Barafu, mita 4,673, upepo unavuta hema usiku kucha. Mnaamshwa, chai na biskuti, karibu na saa sita mnaanza kupanda. Tulikuwa na mgeni mmoja kutoka Uingereza, mtu wa makamo, mpole kabisa. Muongozaji mkuu mbele, mgeni katikati, mimi nyuma.

Chini kidogo ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, mgeni akaanza kusimama kila baada ya hatua chache. Akatapika. Muongozaji akageuka: "You don't want to continue?" Mgeni akajibu "No".

Kwake yeye alikuwa amemaliza: sitaki, nirudisheni. Muongozaji akasikia kama tunavyosikia sisi: hapana, si kweli, nataka. Akampigapiga bega, "Good, good, let's go." Na yule mzee, sijui ni uungwana wa kwao au akili ilishaanza kuchoka, akasema "Right" akafuata!

Tukaenda. Nikaona anayumba kushoto na kulia. Akakaa juu ya jiwe. Safari nzima alikuwa anatuhadithia habari za mkewe, basi nikamuuliza jina la mkewe. Akanitazama tu. Hapo nikapiga kelele. Tukamgeuza palepale, mimi mkono huu, mwenzangu mkono ule, tukateremka kwenye ile changarawe gizani. Barafu tukampa oksijeni, kisha machela ya gurudumu moja, kupitia kambi ya Millennium, hadi geti la Mweka. Kila tuliposhuka naye alizidi kurudiwa na fahamu. Getini alishamtambua kila mtu. Akatuuliza kwa upole: "Nilisema sitaki. Kwa nini mlinipandisha?"

Hakuna aliyekuwa na jibu.

Mpishi Nungwi
Subhanallah. Mwili umenisisimka.

Simu Nairobi
Pole sana kaka. Yuko salama lakini?

Mgumu wa Machame
Salama kabisa. Alimwandikia muongozaji barua baadaye.

Mzee wa Hoja
Msiisingizie lugha. Mtu anatapika juu ya mita 5,000 anaulizwa ya nini? Anashushwa.

Mgumu wa Machame
Mkuu, umewahi kufika hata kambi ya Shira? Wangapi wanatapika na bado wanafika kilele cha Uhuru wakiimba? Kuyumba na kupoteza kumbukumbu ndiko kunakoogopesha, na tulipoyaona tulishuka.

Mzee wa Hoja
Sijafika, lakini uhai ni uhai. Muongozaji alitaka kilele.

Mwalimu wa Kidato
Wote mna sehemu ya haki, ila tusiipite hii ya swali la kukanusha. Kwetu ukiulizwa "Huendi?" unajibu "Ndiyo, siendi." Unaafiki maneno ya aliyeuliza. Mwingereza haangalii maneno yako, anaangalia tendo: haendi, basi "No". Nafundisha sekondari, masomo karibu yote kwa Kiingereza, na kila mwaka naona watoto werevu wakikwama hapa. Dawa yake ni kutouliza kwa kukanusha. Uliza "Up or down?"

Mzee wa Hoja
Kwa hiyo sisi ndio tubadilike? Ndiyo yetu ina mantiki kuliko yao.

Dereva wa Karatu
Mantiki iache kijiweni, mkuu. Safari ni ya mteja, usalama ni wake.

Shangazi wa Leeds
Wanangu, mimi nawatunza wazee huku Uingereza, nisikilizeni. Ukimwuliza mzee kama anataka chai akasema "Go on then", usiondoke! Nilidhani nafukuzwa. Anaitaka. "I wouldn't say no", anaitaka sana. "Not a bad idea" ni sifa kubwa. Lakini "You must come round for dinner" bila siku wala saa, usinunue zawadi.

Kijana wa Muscat
Huku msimamizi wangu ni Mhindi, anatikisa kichwa upande upande. Ndiyo hiyo. Nilichelewa kujua.

Dereva wa Karatu
Ushauri wangu: usiulize kabisa. Taja saa na mahali, "Half past five, here". Asiyetaka atasema.

Shangazi wa Leeds
Hatasema, mwanangu! Atanyamaza aje amenuna. Uliza mara mbili.

Mpishi Nungwi
Mimi naangalia miguu. Aliyekubali keshavaa viatu.

Abiria wa Unguja (mleta uzi)
Ila tuwe wa haki. Meneja wetu Mjerumani analia na "sawa" yetu. Anamwambia fundi njoo kesho saa mbili, fundi anasema "sawa", na haji. Fundi alimaanisha nimekusikia.

Mzee wa Hoja
Hapo umenena. Mgumu, nisamehe kwa ukali wangu. Huyo muongozaji bado anapanda?

Mgumu wa Machame
Yamepita, mkuu. Anapanda, na siku hizi haulizi kwa mdomo tu. Anaonyesha juu kwa kidole, halafu chini, anasubiri mgeni naye aonyeshe.

Mgeni Jukwaani
Nimechelewa kufika. Kesho nina wageni, nimewauliza ufukweni au Mji Mkongwe, wamejibu "We're easy". Niwapeleke wapi?

Shangazi wa Leeds
Popote kwao sawa. Chagua wewe, kisha wathibitishie saa.

Dereva wa Karatu
Mji Mkongwe asubuhi, kabla ya joto.