Mafuta ya tui hupitaje kwenye ukuta wa utumbo mwembamba?

Mama wa Wete: Assalamu alaykum. Daftari la mwanangu wa kidato cha pili linasema kwamba chakula kikishameng'enywa huingia katika damu kupitia utumbo mwembamba. Jana, nikiwa napika mchicha wa nazi, aliniuliza jambo lililonishinda: mafuta ya tui yanaelea juu ya mchuzi tukiyaona, na damu ni majimaji, sasa yanaingiaje humo? Tena mama mkwe wangu hushikilia kwamba mchicha uliochemshwa kwa chumvi tu haumjengi mtoto. Naomba kueleweshwa yote mawili.

Mwalimu, Chake Chake: Waalaykumu ssalaam. Mtoto amelipita daftari lake, kwani si kila chakula hufuata njia moja. Wanga wa muhogo huvunjwa ukawa glukosi, na protini ya samaki ikawa asidi amino. Hizi huyeyuka katika maji, kwa hivyo zikishavuka seli za ukuta wa utumbo huingia katika mishipa midogo ya damu na kupelekwa ini. Mafuta yana safari nyengine. Nyongo huyatawanya kuwa matone madogo mno, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria iliyogandiwa na samli, kisha vimeng'enya vya kongosho huyakata vipande vinavyoweza kupenya ndani ya seli. Humo vipande huungwa upya kuwa mafuta, huvishwa utando wenye protini, na kutolewa kwenye mishipa ya limfu (mirija ya majimaji ya mwili yasiyo damu), ambayo humwagia katika mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo, upande wa kushoto. Ukuta wenyewe umejaa vijitokezo mfano wa vinyweleo, vyenye urefu wa milimita 1 hivi au pungufu, na ukiutandaza wote utapata uwanja wa tenisi.

Tabibu mstaafu, Unguja: Maelezo ni mazuri, ila uwanja wa tenisi tuuache, ingawa hata sisi tulifundishwa hivyo. Watafiti wa Sweden walipopima upya, katika matokeo ya mwaka 2014, walipata kiasi cha mita za mraba 30, yaani ukumbi wa nyumba. Ama mama mkwe, ana haki kwa nusu. Karotini ya mchicha, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, husafiri pamoja na mafuta. Yasipokuwapo, nyingi hupita bila kufyonzwa. Lakini madini ya chuma, yanayofyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo huo, hayategemei tui: husaidiwa na ndimu, na huzuiwa na chai inayonywewa pamoja na chakula.

Mama wa Wete: Shukran. Chai kwetu haikosi mezani, hilo nitalirekebisha. Je, ni lazima tui liwe kasimile, lile zito la kwanza?

Tabibu mstaafu, Unguja: Si lazima. Gramu chache za mafuta zinatosha, na hata tui la pili lina mafuta yake.