Mwanangu ana usonji, na mimi silali (Kigoma)

MamaK_Mwanga: Habari zenu. Kijana wangu ana miaka 6, ana usonji. Hasemi, ila pale Kibirizi akisikia injini za maboti hutulia saa nzima, uso umenyooka. Sokoni Mwanga ndiko kugumu. Kelele zikizidi anaziba masikio, anajitupa chini, watu wananitazama kama sijui kulea. Mama mkwe anasema ni mkono wa mtu. Mwezi wa pili huu silali, nalia jikoni nikikaanga dagaa. Nifanyeje?

Bibi_Ujiji: Pole sana mwanangu. Mjukuu wangu yuko hivyohivyo. Si uchawi. Sisi sokoni tunakwenda saa 1 asubuhi, watu hawajajaa. Akilemewa usimpige, wala usimsemeshe sana. Mtoe pembeni, kaa naye kimya mpaka pumzi itulie.

BabaPacha_Tabora: Dada, hata wataalamu wa Marekani waliwahi kuwalaumu akina mama kwamba hawana upendo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga dhana hiyo kwa kitabu mwaka 1964. Kosa si lako. Lakini miezi miwili bila usingizi, na kulia, inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nao unatibika. Nenda hospitali ya Maweni ukaeleze habari zako wewe, si za mtoto tu. Mke wangu alichelewa kwenda, aliteseka bure.

MamaK_Mwanga: Asanteni. Shikamoo bibi. Jumatatu wifi atakaa na mtoto, niende.

Bibi_Ujiji: Marahaba. Mwambie wifi ampeleke Kibirizi.